Tatuu ya kwanza ukiwa na miaka 45

Watu wa Endabash si wageni wa ngozi yenye alama: teremka kuelekea Ziwa Eyasi utakutana na akina mama wa Kidatoga wenye chale za duara kuzunguka macho. Basi hofu ya "watu watasema nini" isikutawale. Ajira mpya za polisi, zinazokataa michoro mwilini, ni za vijana; wewe hazikuhusu tena.

Cha kuchunguza ni mwili. Una kisukari, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Muone daktari kwanza. Kisha kagua makovu yako ya zamani. Kama yalivimba yakapita mipaka ya kidonda, hizo ni keloidi, na tatuu inaweza kukuletea nyingine. Mimi hapo ningeacha.

Jaribu mchoro huohuo kwa hina, uishi nao hadi ufifie. Hina halisi huacha rangi ya kahawia. Piko nyeusi yenye rangi ya nywele inaweza kuunguza ngozi.

Mchoraji afungue sindano mpya mbele yako na amimine wino kwenye kikombe kipya. Sindano ya kuchangia huambukiza homa ya ini B na C, hata VVU.

Usichorwe msimu wa kuvuna mahindi: kidonda kinataka wiki mbili hadi nne mbali na vumbi na jua kali.

Jina la mwenza? Fikiri tena. Kufuta kwa leza ni ghali, huchukua vikao vingi, na ngozi nyeusi huweza kubaki na mabaka.