KWA NINI SERIKALI IWEKEWE MIPAKA



Katika masomo ya uraia twafundishwa kwamba dola ina kazi tatu: kutunga sheria, kuzitekeleza, na kuamua mashauri. Mwanafunzi huyaandika hayo katika daftari, akayajibu katika mtihani, kisha akayasahau. Nia yangu katika makala hii ni kueleza kwa nini kazi hizo zilitengwa, na kwa nini kila moja yapaswa kuwa na mpaka. Sitakwenda mbali kutafuta mfano. Nitatumia mambo yaliyotokea hapa kwetu Uganda baina ya mwaka 1962 na 1979, ambayo baadhi ya wazee waliosoma katika shule hii wanayakumbuka kwa macho yao, hali mimi nimeyapata vitabuni tu.

Hoja yangu ni moja. Watu wengi wakiulizwa kama serikali ipewe madaraka makubwa, hutazama kwanza ni nani aliye juu. Wakimpenda, husema apewe. Wakimchukia, husema anyimwe. Mimi naona hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: madaraka hayo yatarithiwa na nani? Mtawala huondoka, lakini sheria aliyoiweka hubaki, na yule ajaye nyuma yake huikuta tayari mezani.

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Katiba ya wakati ule iligawa madaraka. Waziri Mkuu, Milton Obote, aliongoza serikali. Buganda ilikuwa na mambo yake iliyojiamulia yenyewe. Na tangu mwaka 1963 Kabaka Mutesa II alikuwa Rais, walakini si mtendaji. Katiba ile ilikuwa na kasoro nyingi, na ugomvi haukukosekana. Hata hivyo ilikuwa na sifa moja: hapakuwa na mtu mmoja awezaye kufanya kila jambo peke yake.

Mwaka 1966 mambo yaligeuka. Tarehe 22 Februari mawaziri watano walikamatwa wakiwa mkutanoni katika Baraza la Mawaziri huko Entebbe. Siku chache baadaye Waziri Mkuu alisimamisha katiba. Mwezi wa Aprili Bunge lilipitisha katiba mpya ambayo wabunge hawakuwa wameisoma. Waliambiwa nakala zao watazikuta katika visanduku vyao vya barua. Mwezi wa Mei jeshi lililoongozwa na Idi Amin lilishambulia Lubiri, jumba la Kabaka pale Mengo, naye akakimbilia Uingereza. Katiba nyingine ya mwaka 1967 ikafuta falme na kukusanya madaraka mikononi mwa Rais, na sheria ikaruhusu mtu awekwe kizuizini pasipo kushitakiwa.

Yatupasa kusema haki: waliofanya hayo walitoa sababu. Walisema taifa changa lahitaji umoja, na kwamba serikali iliyofungwa mikono na makabila na falme haiwezi kujenga nchi. Hiyo si hoja ya kipuuzi, na watu wenye akili waliiunga mkono. Lakini tutazame madaraka yale yalifanya nini baada ya kutolewa.

Mwaka 1968 mbunge Abu Mayanja, pamoja na Rajat Neogy, mhariri wa jarida la Transition lililochapwa Kampala, walikamatwa kwa sababu ya maandishi. Mwanzoni mwa mwaka 1969 mahakama iliwaona hawana hatia ya uchochezi. Badala ya kurudi nyumbani, walirudishwa kizuizini. Fikiri maana yake, msomaji. Hakimu amesikiliza shauri lote, akasema watu hawa hawana kosa; na neno lake halikuwa na uzito wa kufungua mlango mmoja.

Mwaka ule ule wa 1969 Benedicto Kiwanuka naye aliingia kifungoni. Huyu alikuwa mwanasheria, kiongozi wa chama cha Democratic Party, na Waziri Mkuu kabla ya Obote. Tarehe 25 Januari 1971 Amin aliipindua serikali. Watu wa Kampala walishangilia barabarani. Amin akawafungulia wafungwa wa siasa, wakiwamo Kiwanuka na wale mawaziri watano waliokuwa kizuizini karibu miaka mitano. Katikati ya mwaka ule akamfanya Kiwanuka Jaji Mkuu.

Wengi walisema, sasa tumepata mtawala mwema. Lakini Kiwanuka alitolewa gerezani kwa hisani ya mtu, wala si kwa nguvu ya sheria. Na alichotoa mtu kwa hisani aweza kukitwaa tena akikasirika. Amin aliyakuta yale madaraka ya mwaka 1967 yakimngoja, akayaongeza. Alilivunja Bunge, akatunga sheria mwenyewe kwa kutia sahihi, na kwa amri mojawapo akawapa askari jeshi uwezo wa kukamata raia.

Septemba 1972 shauri la Mwingereza mmoja aliyeshikwa na wanajeshi lilifika mbele ya Jaji Mkuu. Kiwanuka aliamua kwamba kushikwa kwake hakukuwa halali, akaamuru afunguliwe. Tarehe 21 Septemba watu wenye silaha waliingia katika jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala, wakamchukua Jaji Mkuu mchana kweupe. Hakurudi tena. Aliuawa, na mwili wake haukupatikana.

Katika habari hiyo napata mafundisho matatu.

La kwanza ndilo nililokwisha litaja: madaraka hurithiwa. Obote hakutunga sheria za mwaka 1967 ili Amin azitumie. Lakini Amin ndiye aliyezitumia, na Obote mwenyewe akawa mkimbizi. Basi kila sheria mpya na tuipime hivi: je, ningeiona njema kama ingekuwa mikononi mwa adui yangu?

La pili ni kwamba anayekamata asiwe ndiye anayehukumu. Wahenga walisema, kesi ya nyani hakimu ngedere. Hata shuleni twalijua jambo hili. Kiranja huandika jina la mwanafunzi mchelewaji, lakini adhabu huamuliwa na mwalimu baada ya kumsikiliza. Kama kiranja angeandika jina, akahukumu, na kuchapa, tungeona taabu kabla ya mwisho wa juma, hata kama kiranja huyo ni mtu mwema. Mfaransa Montesquieu alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1748, na Wamarekani wakalitia katika katiba yao ya mwaka 1787. Lakini anayetaka kulielewa vizuri na amkumbuke Kiwanuka.

La tatu lahusu ukubwa wa serikali, mbali na nguvu zake. Mwaka 1970 serikali ya Obote ilitangaza kwamba itachukua hisa 60 kwa mia katika mabenki na makampuni makubwa. Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini, na maduka na viwanda vyao vikagawiwa watu waliopendwa na serikali. Hao ndio walioitwa na wananchi “mafuta mingi.” Wengi wao hawakujua biashara. Viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vilififia, na sukari, ambayo Uganda iliitengeneza yenyewe, ikawa kitu cha magendo. Serikali inapogawa duka, kazi na sukari, huwa haihitaji hata gereza ili kumnyamazisha mtu, yatosha kumnyima. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na aliyeshika ngozi yote huwaachia wengine mifupa.

Ndiyo sababu yafaa kuwe na vitu visivyo mali ya serikali: magazeti, vyama vya ushirika, biashara za watu, na makanisa na misikiti. Amin alilijua hilo. Padre Clement Kiggundu, mhariri wa gazeti la Munno, aliuawa Januari 1973. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 1977, siku chache baada ya maaskofu kumwandikia Amin barua ya kulaumu maovu ya askari wake. Hawakuwa na bunduki. Kosa lao ni kwamba walikuwa na sauti isiyotoka serikalini.

Sasa nijibu pingamizi. Katika majadiliano ya shule, mwenzangu mmoja alisema kwamba serikali dhaifu ni balaa kubwa kuliko serikali kali, akataja miaka ya 1979 hadi 1986. Ni kweli. Baada ya Amin kuondolewa kwa vita vilivyoongozwa na jeshi la Tanzania, serikali zilibadilika upesi upesi. Ya Yusuf Lule ilidumu siku 68 tu, na damu iliendelea kumwagika. Mnyonge hupata taabu serikali isipokuwapo. Nani atamzuia mwizi, nani atajenga barabara, nani atachanja watoto?

Lakini mipaka si udhaifu. Baisikeli yenye breki haikosi nguvu kuliko isiyo nayo. Breki ndiyo impayo mpandaji moyo wa kwenda kasi mteremkoni. Serikali ya Amin ilikuwa na uwezo wa kumchukua Jaji Mkuu katika ofisi yake, lakini haikuweza kuweka sukari dukani. Nguvu ya kutisha watu na nguvu ya kuwatumikia ni vitu viwili. Tunataka ya pili iwe kubwa na ya kwanza ifungwe kwa sheria.

Walioandika katiba ya mwaka 1995 walikuwa wamejifunza kwa uchungu. Ibara yake ya kwanza yasema kwamba mamlaka yote ni ya wananchi. Yaagiza kwamba mtu aliyekamatwa kwa kudhaniwa kuwa na kosa afikishwe mahakamani kabla ya kupita saa 48. Na haki ya kumtaka mkamataji amlete mtu mbele ya jaji imewekwa miongoni mwa zile zisizoweza kuondolewa hata wakati wa hatari. Ile ndiyo haki aliyoisimamia Kiwanuka siku zake za mwisho.

Katiba hiyo iliweka pia vikomo vya urais. Mwaka 2005 Bunge liliondoa kikomo cha vipindi viwili, na mwaka 2017 likaondoa kikomo cha umri wa miaka 75. Walioyaunga mkono mageuzi hayo walisema mwenye kura ni mwananchi, naye asizuiwe kumchagua amtakaye. Waliopinga walisema mpaka ukivunjwa mara moja, wa pili huwa rahisi. Mimi nimo katika kundi la pili, na sababu yangu haimhusu mtu yeyote aliye madarakani leo. Nauliza lile lile: mlango huu uliofunguliwa, nani mwingine atapita?

Ndugu zangu, wengi wetu tutakuwa makarani, polisi, waalimu, mahakimu, na huenda wabunge. Siku moja kila mmoja ataletewa karatasi atie sahihi, aambiwe kwamba ni kwa faida ya nchi na kwamba hakuna wakati wa kuisoma. Wabunge wa Aprili 1966 waliambiwa hivyo. Yatupasa tuisome kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wetu ulijengwa upya kwa gharama ya maisha ya watu wengi sana.

Maswali ya kujadiliana:

1. Mahakama ikitoa amri na serikali ikakataa kuitii, raia wana njia gani za haki za kufuata?

2. Taja kazi mbili ambazo ni lazima serikali izifanye, na mbili ambazo ni heri iwaachie watu wenyewe. Toa sababu.

3. “Mtawala mwema hahitaji mipaka.” Kubali au kataa, ukitumia mfano wa mwaka 1971.