SOMO: MTEJA MKALI NA MIZANI YETU

Somo hili twawaandikia zaidi wale miongoni mwetu wenye duka au genge hapa Ng'ambo, tangu Kikwajuni hata Mwanakwerekwe. Wengi wametuuliza: Mkristo afanye nini na mteja msumbufu? Wala tusidhani kuwa mambo ya soko yako nje ya kanisa. Tukisali Mkunazini, twasimama mahali palipokuwa soko la watumwa hata mwaka 1873.

Kwanza tusome Mithali 20:14. Humo yumo mnunuzi anayeitia kasoro bidhaa mbele ya mwenyewe, kisha akiisha kwenda zake hujisifu kwa alivyoipata rahisi. Basi yule anayezibonyeza nyanya zako Darajani na kusema zimeoza, halafu akazinunua, hakuanza leo. Ni wa kale kuliko soko lenyewe, lililojengwa 1904. Hana chuki nawe. Anayeudhika kwa kupatana bei afadhali atafute kazi nyingine (huo ni wasia wetu tu, si Maandiko).

Mwenye kukopa ndiye mgumu zaidi. Jirani humtuma mtoto: "Mama kasema umwandikie." Daftari limejaa, na deni la mwezi uliopita halijalipwa. Ukimpa, mtaji waisha. Ukimfukuza, umemwaibisha mtoto mbele ya watu kwa kosa lisilo lake. Sisi twaona heri kumpa kidogo cha kupikia siku ile, na jioni umwendee mama yake, mkaseme wawili peke yenu, kama Bwana alivyotufundisha katika Mathayo 18:15. Huenda mumewe hana kazi, huenda anakufanyia hila. Hutajua mpaka umwendee. Lakini jina lake usilitaje kwa wateja wengine.

Tena uko mwezi wa Ramadhani. Majirani zetu wengi ni Waislamu, nao wamefunga tangu alfajiri. Jioni kila mtu anatafuta muhogo na ndizi za futari, ana haraka, na maneno huwa makali. Uyavumilie. Usile wala kunywa mbele yao, na usipandishe bei ya muhogo kwa kuwa wajua hawana budi kununua. Amosi 8:5 yawataja wafanya biashara walioingoja sikukuu ipite ili wauze kwa kipimo kilichopunguzwa.

Hapo kwenye kipimo inatupasa tuseme habari yetu wenyewe. Zamani tulikuwa na duka dogo la vyakula, na mteja wetu mmoja alikuwa bibi mkali wa ulimi. Kila akija hulalamika. Siku moja akarudi na sukari yake, amekwenda kuipima kwingine. "Mwanangu, hii si kilo," akasema. Duka lilikuwa limejaa watu. Tukamjibu, "Bibi, labda umeimwaga njiani." Watu wakacheka. Akakaa kimya, akaenda zake.

Usiku tulipofunga duka, neno lile halikutuacha. Tukaivua sahani ya mizani, ile ya kuwekea bidhaa, tukaipindua. Chini yake palikuwa na unga ulioganda, mkavu kama udongo. Siku ngapi tulikuwa tukiwapunja watu hatujui hata leo. Hatukukusudia, lakini Mambo ya Walawi 19:36 haiulizi kusudi. Yataka mizani ya haki.

Asubuhi tulimpelekea sukari iliyopungua nyumbani kwake, tukakiri. Jambo hilo lilikuwa jepesi. Zito lilikuwa kuwaambia wale waliocheka, maana tulimwaibisha mbele yao. Tuliwaambia dukani, mmoja mmoja kila alipokuja. Wengine walisema yamekwisha. Wengine walidai chao, tukawapimia, na juma lile hatukupata faida yo yote.

Yule bibi hakututamkia msamaha. Aliipokea sukari, akaitia mkebeni, akatuuliza mchele siku hizi bei gani. Lakini alirudi dukani, na tangu hapo hakukubali kupimiwa kitu mpaka sahani ipinduliwe mbele ya macho yake. Tuliipindua kila siku, mpaka tulipoliacha duka lile.