Lushoto twende msimu gani?

SWALI: Mimi na mke wangu tunaishi Kiriba, Musoma. Tunataka kupumzika kwenye nyumba ya wageni milimani Lushoto. Twende lini?

JIBU: Mkazi wa Kiriba amezoea ziwa linalohifadhi joto la mchana, hivyo usiku wa Musoma haubadiliki sana mwaka mzima. Lushoto ni tofauti. Mji uko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, si juu sana kuliko Musoma, lakini Milima ya Usambara hupokea upepo wa kusi kutoka Bahari ya Hindi. Juni hadi Agosti upepo huo huleta ukungu, na baridi ya usiku hukaribia nyuzi 10.

Huo ndio msimu wa kuota moto. Wenyeji huvaa makoti mchana, na mgeni aliyebeba kanga tu atajuta.

Anayependa kutembea aende Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, kabla ya vuli. Njia za msitu wa Magamba, wenye mbega weusi kwa weupe, huwa kavu, na kutoka Irente tambarare ya Mazinde huonekana vizuri chini. Desemba na Januari ni miezi ya plamu: zinauzwa kwa ndoo kando ya barabara ya Mombo.

Masika, Machi hadi Mei, milima hupendeza kwa kijani, ila barabara za udongo huteleza vibaya. Wazee wangu, mkienda wakati huo, chagueni nyumba iliyo karibu na lami.