Usimpige mwamuzi: naye anangojewa nyumbani



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kaski, viatu vya usalama, ngazi, umeme na baruti. Leo tutoke kidogo kwenye shimo na karakana, twende kwenye kiwanja cha mpira. Mtu anayeumia siku ya Mungu saa kumi za jioni ni yule yule ambaye kapita wake anamngoja kesho yake asubuhi. Bibi yake ni yule yule, watoto wake ni wale wale. Ajali ya kiwanjani inaingia nyumbani kwa mlango ule ule wa ajali ya kazini.

Mambo haya unayajua. Ni dakika ya 80, timu ziko sawa, 1 kwa 1. Mshambuliaji anaanguka mbele ya goli. Firimbi inalia: penalti! Mara moja watu kumi wanamzunguka mwamuzi. Mmoja anamsukuma kifuani, mwingine anamvuta shati. Nyuma ya mstari watu wanapiga kelele: «Mwizi! Amekula franga!» Jiwe moja linaruka. Mara nyingi mambo yanaishia hapo, na jioni watu wanayacheka. Lakini mara nyingine hayaishii hapo. Somo la leo ni juu ya siku hizo nyingine.

1. MWAMUZI NI NANI?

Katika mpira wetu wa kambi na wa mtaa, mwamuzi si mtu wa mshahara mkubwa. Ni mwalimu, ni fundi, ni mchezaji wa zamani ambaye magoti yamechoka. Amekubali kushika firimbi kwa sababu bila yeye mchezo hauwezi kuanza. Mshika kibendera ni hivyo hivyo: mara nyingi ni baba wa mmoja wa watoto wanaocheza.

Sheria ya 5 ya mpira wa miguu inasema kwamba uamuzi wa mwamuzi juu ya mambo ya mchezo ni wa mwisho. Haisemi kwamba mwamuzi hakosei. Anakosea, kwa maana ana macho mawili tu na anakimbia kama sisi. Lakini lazima mtu mmoja akate neno, ama sivyo mchezo unageuka vita.

Sisi watu wa mgodi tunalielewa jambo hili kuliko wengine. Wakati wa kupiga baruti, mlinzi anasimama njiani na kukukataza kupita. Pengine wewe unaona kwamba hatari bado iko mbali, na kwamba ungeweza kupita upesi. Hata hivyo unasimama. Humtukani, humpigi. Ukiwa na neno, utalipeleka kwa mkubwa wa kazi baadaye. Mwamuzi naye ni mlinzi wa njia. Akipiga firimbi kwa sababu ya rafu, anailinda miguu yako na ya mwenzako.

2. KADI ZILITOKA KWENYE TAA ZA BARABARANI

Watu wengi hawajui kwamba kadi za manjano na nyekundu zilizaliwa na taa za barabarani. Mwingereza mmoja, Ken Aston, alikuwa mwamuzi katika Kombe la Dunia la mwaka 1962 kule Chile. Yeye ndiye aliyeongoza mchezo wa Chile na Italia, ambao wachezaji walipigana ngumi na mateke mpaka polisi wakaingia kiwanjani. Mwaka 1966, katika mchezo wa Uingereza na Ajentina huko London, kapteni wa Ajentina alifukuzwa, akakataa kutoka kwa muda mrefu. Mwamuzi alikuwa Mjerumani, na hawakusikilizana lugha.

Aston, ambaye wakati ule alikuwa mkubwa wa waamuzi, alikuwa akiendesha gari mjini akiyawaza mambo hayo, ndipo akaona taa zinabadilika. Manjano: angalia, punguza mwendo. Nyekundu: simama, toka. Akafahamu kwamba rangi hizo hazihitaji lugha. Kadi zikaanza kutumiwa katika Kombe la Dunia la mwaka 1970 kule Mexico.

Basi ukimwona mwamuzi anatoa kadi ya manjano, kumbuka taa. Dereva hashuki kwenye gari kwenda kuipiga taa nyekundu.

3. MAMBO YA ALMERE, MWAKA 2012

Almere ni mji wa Uholanzi. Tarehe 2 mwezi wa 12, mwaka 2012, vijana wa timu mbili za mtaa walicheza huko. Haukuwa mchezo wa kombe kubwa wala wa franga. Mshika kibendera aliitwa Richard Nieuwenhuizen, mtu wa miaka 41. Alifanya kazi hiyo bure, na mtoto wake mwenyewe alikuwa akicheza siku ile.

Mchezo ulipokwisha, wachezaji kadhaa wa timu ya wageni walimvamia kwa sababu hawakupenda alivyoinua kibendera. Wakampiga, akaanguka, wakampiga mateke. Kisha akainuka, akaenda nyumbani. Sikilizeni vizuri hapa: aliinuka mwenyewe, akatembea, akasema na watu. Baadaye alirudi kiwanjani kutazama mchezo mwingine, na hapo ndipo alipoanguka. Kesho yake akafa.

Chama cha mpira cha Uholanzi kilisimamisha michezo yote ya mitaa mwisho wa juma uliofuata. Maelfu ya viwanja vikakaa kimya. Mwaka 2013 mahakama iliwahukumu vijana 6, pamoja na baba wa mmoja wao, kwa kosa la kuua. Baba alipewa miaka 6 ya gereza. Baba huyo angeweza kuwavuta vijana nyuma, lakini mahakama iliona kwamba naye alishiriki katika kupiga.

4. MAMBO YA UTAH, MWAKA 2013

Miezi mitano haikutimia, jambo kama hilo likatokea Marekani, katika jimbo la Utah. Tarehe 27 mwezi wa 4, mwaka 2013, Ricardo Portillo, mwamuzi wa miaka 46, alimpa kadi ya manjano kipa wa miaka 17 kwa sababu ya kumsukuma mpinzani. Alipokuwa akiandika katika kijitabu chake, kijana alimpiga ngumi moja ya kichwa. Ngumi moja tu.

Portillo alikaa chini, akasema anasikia kizunguzungu, akatapika damu. Mwanzoni watu hawakudhani kwamba hali ni mbaya sana. Lakini ubongo ulivimba, akalala bila fahamu juma zima, na tarehe 4 mwezi wa 5 akafa. Aliacha mabinti watatu. Hao mabinti walikuwa wamekwisha kumwomba aiache firimbi, kwa maana aliwahi kuumizwa tena kiwanjani. Hakuiacha, kwa kuwa aliupenda mpira.

Kijana yule alikiri kosa lake mahakamani. Fikiri: alikuwa na miaka 17, na kadi aliyopewa ilikuwa ya manjano. Angeweza kuendelea kucheza.

5. KWA NINI NGUMI MOJA INAUA?

Ubongo ni laini, nao umo ndani ya mfupa mgumu. Kichwa kikipigwa kwa nguvu au kikizungushwa ghafula, ubongo unagonga mfupa. Mishipa midogo ya damu inaweza kupasuka. Hata mishipa ya shingo inayopeleka damu kwenye ubongo inaweza kuchanika. Damu inavuja polepole, ubongo unabanwa, na ndani ya kichwa hakuna nafasi ya kupanuka. Kwa hiyo mtu anaweza kusema «si kitu» saa kumi, na saa tatu za usiku asiweze kuamka. Tena anayepigwa bila kujua huanguka bila kujikinga kwa mikono, na ardhi kavu ya kiwanja ni ngumu kama sementi.

Mwenye kupiga naye anaanguka kwa namna nyingine. Sheria ya makosa ya Kongo, kifungu cha 48, inasema kwamba anayempiga mtu bila nia ya kuua, lakini mtu akafa, anaweza kufungwa tangu miaka 5 mpaka 20. Kusema «sikutaka kumwua» hakufungui mlango wa gereza. Nyumba mbili zinabaki bila baba: moja kwa kaburi, nyingine kwa gereza.

6. JIWE MOJA, WATU WENGI

Hasira juu ya mwamuzi haimpati mwamuzi peke yake. Tarehe 1 mwezi wa 12, mwaka 2024, katika mji wa Nzérékoré, nchi ya Gine, watu walibishana juu ya uamuzi katika mchezo wa mwisho wa kombe. Mawe yakarushwa, polisi wakapiga gesi ya kutoa machozi, watu wakakimbilia milango, wakakanyagana. Serikali ilitangaza maiti 56, na watoto walikuwamo. Kule Lima, nchi ya Peru, mwaka 1964, bao lililokataliwa lilianzisha fujo ambayo hesabu yake ilikuwa watu 328. Wengi walisongwa kwenye ngazi za kutokea, mbele ya milango iliyofungwa.

Aliyerusha jiwe la kwanza hakuwa na nia ya kuua mtoto. Lakini anayeacha moto karibu na petroli hana nia ya kuunguza karakana.

7. TUFANYE NINI?

Mchezaji: Firimbi ikilia, rudi nyuma hatua tatu na ufunge mdomo. Mikono yako isimguse mwamuzi, hata kwa mzaha.

Kapteni: Wewe peke yako ndiye wa kusema na mwamuzi, kwa adabu. Tangu mwaka 2024 wakubwa wa sheria za mpira wameweka utaratibu huu ambao mashindano yanaweza kuufuata: kapteni peke yake ndiye anayemkaribia mwamuzi. Timu zetu zinaweza kuufuata bila kununua kitu.

Mkubwa wa timu: Mchezaji aliye na hasira mtoe kabla hajatolewa. Ukikaa kwenye benchi ukimtukana mwamuzi, unawapa ruhusa vijana 11.

Baba na mama mnaotazama: Mtoto anaangalia uso wako kabla ya kuangalia mpira. Ukisema «mwizi», yeye atasema «mwizi», na siku moja atatupa ngumi.

Wenye kutengeneza mashindano: Wekeni kamba mita chache nyuma ya mstari. Ondoeni mawe na chupa kabla ya mchezo. Msiuze pombe kando ya kiwanja. Achia milango wazi. Chagueni watu wawili wazima wa kumsindikiza mwamuzi mchezo ukiisha. Tena sheria inaruhusu, tangu mwaka 2017, michezo ya mitaa na ya vijana kumtoa mchezaji kwa muda. Uingereza wanatumia dakika 10 kwa mwenye kumpinga mwamuzi kwa maneno. Anakaa kando, damu inapoa, kisha anarudi.

Mwenye malalamiko: Yaandike kwenye karatasi, uyapeleke kwa kamati. Kama mwamuzi kweli anakula franga, karatasi itamwondoa. Ngumi inamfanya awe mwenye haki.

8. MTU AKIPIGWA KICHWANI

– Mchezo usimame. Asirudi kucheza wala kuamua siku ile, hata akisema kwamba anaweza.
– Kama hana fahamu, usimvute wala kumkalisha. Shika kichwa na shingo visizunguke. Akitaka kutapika, mgeuzeni ubavu, watu kadhaa pamoja, kichwa na mwili vikienda mara moja.
– Kama hapumui, anza kukandamiza kifua katikati, kwa nguvu, mara 100 mpaka 120 kwa dakika moja, na mwingine akimbie kuita msaada.
– Usimpe pombe ya kumtuliza. Usimpe aspirini, kwa maana inaongeza kuvuja damu.
– Asikae peke yake usiku ule.

Mpelekeni hospitali upesi mkiona alama hizi: alipoteza fahamu hata kidogo, anatapika, kichwa kinazidi kuuma, anasinzia na ni vigumu kumwamsha, maneno yake yanachanganyika, anatetemeka kwa kifafa, mkono au mguu unalegea, mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko ya pili, maji au damu inatoka puani ama masikioni.

Na wewe mfanyakazi uliyeumia kichwa siku ya Mungu, usifiche kesho yake kazini. Mwambie kapita wako na mganga. Mwenye kizunguzungu hawezi kupanda ngazi wala kuendesha mashine. Ukificha, utawaua na wenzako.

9. MASWALI YA KUJIBU PAMOJA

1. Kwa nini tunamtii mlinzi wa njia wakati wa baruti, nasi tunamtukana mwamuzi?
2. Mshika kibendera wa Almere aliinuka na kutembea. Wenzake wangeona hatari kwa alama gani?
3. Katika timu yenu, ni nani anayesema na mwamuzi? Ni nani anayemsindikiza mchezo ukiisha?

Someni maswali haya na wachezaji wenu kabla ya mchezo ujao. Halafu siku ya Mungu, mtakapoingia kiwanjani, nendeni kwanza kumpa mwamuzi mkono. Mpira wa dakika 90 utakwisha, na aliyeshindwa leo atashinda siku nyingine. Muhimu ni kwamba jioni watu wote 22, na mwamuzi, na washika vibendera wawili, warudi kwao kwa miguu yao.