Hesabu pedi kabla ya kwenda kwa daktari

Binti akisema hedhi yake ni nzito, jibu analopewa na wengi ni kwamba ni kawaida, hata mama yake alikuwa hivyo, na akizaa itaisha. Kwa msichana wa Handeni anayesoma Dodoma au Dar es Salaam, au aliye karibu tu pale Chuo cha Ualimu Korogwe, jibu hilo hugharimu vipindi na mitihani. Mdogo wangu, damu nyingi ina tiba. Ila ukienda hospitali ukasema tu "natoka nyingi", ni rahisi kurudi na panado. Nenda na hesabu.

Chukua daftari. Kwa mizunguko miwili andika siku damu ilipoanza na ilipokoma, pedi ulizobadilisha kila siku, na kila moja ilivyolowa: imeguswa kidogo, nusu, au imejaa mpaka pembeni. Anayetumia vitambaa ahesabu vivyo hivyo. Andika mabonge, mara ulizoamka usiku kubadilisha, na vipindi ulivyokosa. Pedi ikijaa kwa saa moja au mbili, mara baada ya mara, ukalazimika kuvaa mbili kwa pamoja, damu ikipita siku saba, au mabonge yakifikia ukubwa wa sarafu ya Sh200, hiyo ni hedhi nzito. Madaktari wamezoea kutaja mililita 80 kwa hedhi nzima, kiasi ambacho wachache wanaweza kukipima nyumbani. Na hata usipofika huko, hedhi inayokufungia hosteli kila mwezi inatosha kukupeleka kwa daktari.

Ukiwa likizo Handeni, angalia hesabu isikudanganye. Shida ya maji huko ni ya miaka mingi, na mradi wa HTM unaovuta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe haujaimaliza. Maji yakiwa ya kununua kwa dumu, mtu hukaa na kitambaa kimoja kutwa. Idadi itashuka, damu haijapungua. Ndiyo maana nasisitiza kuandika kilivyolowa.

Korogwe kuna Hospitali ya Magunga, na Handeni mjini ipo hospitali pia. Tatizo likiwazidi, rufaa ni Bombo, Tanga. Omba kipimo cha FBP kinachoonyesha wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, hemoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu. Usikasirike ukipimwa mimba, kwa sababu mimba inayoharibika nayo hutoa damu. Sema ukweli kuhusu njia yoyote ya kuzuia mimba unayotumia, iwe P2, sindano, kijiti au kitanzi, maana vyote vinaweza kuvuruga hedhi, na daktari asiyejua atatafuta sababu pasipo na sababu. Altrasaundi itaonyesha kama kuna uvimbe kwenye kizazi.

Kuna swali moja ambalo husahaulika: je, damu ilikuwa nyingi tangu hedhi ya kwanza kabisa? Kama ni hivyo, na puani unatoka damu ovyo, au uling'olewa jino damu ikakataa kukauka, mwambie daktari bila kusubiri akuulize. Huenda damu yako haigandi vizuri. Mwaka 1924 daktari Erik von Willebrand wa Ufini alimpima mtoto wa miaka mitano kutoka visiwa vya Åland mwenye tatizo hilo. Binti huyo alifariki akiwa na miaka 13, katika hedhi yake ya nne. Leo ugonjwa huo una jina la daktari huyo, na una matibabu.

Dawa zipo za aina mbalimbali. Ibuprofeni baada ya chakula hupunguza maumivu na damu pia kiasi, lakini si kwa mwenye vidonda vya tumbo wala mwenye tatizo la kuganda kwa damu. Asprini iache. Daktari anaweza kukuandikia asidi ya traneksamiki ya kumeza siku za damu nyingi tu, au vidonge vya homoni. Vidonge vya uzazi wa mpango kwa msichana ambaye hajaolewa huzua maneno nyumbani. Hapa ni dawa, na mama aelezwe hivyo.

Damu iliyokwisha kupotea lazima irudi. Ukijikuta unatafuna mchele mbichi, barafu au udongo, unahema ukipanda ngazi za darasani, unasoma mstari mmoja mara tatu hauingii, yaelekea madini ya chuma yameisha mwilini. Rozela na bitiruti vinywe ukipenda, lakini haviwezi kuchukua nafasi ya vidonge vya chuma. Meza kidonge kwa chungwa, ambalo kwenu Handeni na Korogwe si la kutafuta. Chai na maziwa visubiri saa mbili. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Wengi huacha vidonge mara tu wakipata nguvu, na hapo ndipo upungufu unaporudi: endelea miezi mitatu baada ya kipimo kuwa kizuri. Dagaa, maini, maharage na matembele visaidie.

Kuhusu mitihani, karatasi ya daktari ifike ofisi ya mitihani kabla ya siku yenyewe au siku hiyohiyo. Ukiipeleka baada ya sapu kutoka, utabishana bure. Mueleze na mwenzako wa chumbani, ajue hivi: ukijaza pedi mbili kwa saa moja, ukazimia, moyo ukaenda mbio umekaa tu, au ukatoka damu na unahisi huenda una mimba, asikuache ulale. Ni kukupeleka hospitali usiku huohuo.