Mwanangu ana malaria, mbona chembe sahani zimeshuka?

Mama wa Tanga, pole sana kwa kuuguza. Unasema kijana wako wa miaka 19 alipimwa akakutwa na malaria, na kwenye karatasi ya maabara ukaona chembe sahani 58,000, ilhali pembeni pameandikwa 150,000 hadi 450,000. Daktari akampa dawa mseto, akasema arudi baada ya siku chache apimwe tena. Usiku ukaingia kwenye simu, ukakutana na saratani ya damu. Tangu hapo hulali, karatasi umeificha kabatini, na baba yake hajui lolote.

Sasa nisikilize, dada yangu. Malaria peke yake inatosha kabisa kuzishusha chembe hizo, na kwa wagonjwa wa malaria jambo hili ni la kawaida mno. Chembe sahani ndizo zinazoziba mahali damu inapovuja. Hutengenezwa kwenye uboho wa mifupa, na kila moja huishi siku 7 hadi 10 hivi. Vimelea vikishaingia kwenye damu, bandama huvimba na kuzizuia nyingi humo ndani, na kinga ya mwili nayo, katika kupambana, huziharibu nyingine. Zinakwisha upesi kuliko uboho unavyoweza kuzifidia. Vimelea vikifa zinaanza kupanda, na mara nyingi wiki moja au mbili zinatosha kurudi zilipokuwa.

Umelalamika kwamba hawakumwongezea chembe sahani. Kwa 58,000, na hatokwi damu popote, hakukuwa na haja. Damu kutoka yenyewe huhofiwa hasa zikishuka chini ya 20,000. Kinachomtibu ni ile dawa mseto, kwa hiyo ameze dozi yote hata akijisikia mzima.

Na hiyo saratani? Wewe mwenyewe umeniandikia majibu mengine: chembe nyeupe ziko sawa, wingi wa damu umepungua kidogo tu. Saratani ya damu kwa kawaida huvuruga hivyo vyote, tena vibaya. Simu haikuyaona majibu hayo, daktari aliyaona. Hata hivyo siwezi kukuapia kutoka hapa nilipo. Kipimo cha marudio ndicho kitakachosema, na nahisi ndicho unachokikwepa. Mpeleke. Wakati mwingine hata mashine huhesabu pungufu kwa sababu chembe zimeshikana kwenye kichupa, na mtaalamu wa maabara hulibaini hilo kwa darubini. Zikibaki chini kwa wiki kadhaa, watatafuta sababu nyingine, kama homa ya ini au virusi vya UKIMWI, na hizo nazo zina matibabu.

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Diklofenaki unayompa kwa ajili ya viungo, acha leo. Hiyo, pamoja na aspirini na ibuprofeni, huzidhoofisha hata zile chembe chache alizobaki nazo, na huweza kuchubua tumbo likavuja damu. Na kama ana homa ya dengi pia, ile iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, hatari inazidi. Parasetamoli inatosha. Juisi ya majani ya mpapai uliyoitaja mwambie daktari, wala usiifanye sababu ya kuchelewa kurudi.

Ukiona fizi au pua zinatoa damu isiyokatika, choo cheusi, vidoa vyekundu vidogo miguuni, maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, macho ya njano, au anaongea mambo yasiyoeleweka, usingoje tarehe. Nenda saa hiyo hiyo, hata kama homa imeshuka. Kwenye dengi, siku homa inaposhuka ndipo hatari huanza.

Baba yake mwambie leo. Unasema una nia ya kumkinga na presha yake, nami naamini. Lakini akija kugundua mwenyewe, ataumia kwa ugonjwa na kwa kufichwa. Mtolee karatasi, umweleze kama nilivyokueleza, muende naye hospitali.

Kuhusu mechi ya Jumamosi anayoing'ang'ania, mkatalie. Bandama iliyovimba ikipigwa goti inaweza kupasuka. Mpira atacheza daktari akishampima na kumruhusu.