Kabla Hujasaini

Swali: Nimeitwa mahojiano ya kazi kiwandani, Enterprise Road, Nairobi. Nitajuaje kama mwajiri ni mwaminifu?
Msomaji, Mukuru

Jibu: Fika mapema, ndugu yangu, usimame getini shifti zikibadilishana. Waulize wanaotoka: mshahara huingia tarehe ngapi? Wakitazamana na kucheka, umeshajibiwa. Ukiingia, tupia jicho mlango wa dharura. Kufuli pale ni jibu la pili. Mwajiri akidai pesa ya fomu, ondoka.

Kisha kuna lile neno, “Anza kama kibarua, tutaona.” Kuna waliozeekea kwenye hiyo “tutaona”. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uandikwe, na kibarua aliyefanya kazi mfululizo mwezi mzima huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Mtajie hilo kwa upole, umtazame usoni.